Kiti cha Upande wa Mwanamke

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nilifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, na mfuko mmoja na viatu visivyofanana, nikaonyeshwa pa kulala kwenye jengo lililokuwa gereza zamani, na sikuuliza swali hata moja. Nilipima kwa macho tu, nikaona panatosha godoro na meza ya biashara. Nilianza kwa kuuza chumvi kwa kijiko, nimeifunga kwenye plastiki. Kutoka chumvi nikaenda kwenye sabuni ya kukata vipande. Kutoka sabuni nikanunua robota langu la kwanza la vitenge, na kuanzia hapo hakuna aliyenishika. Nimekuwa na duka Kawale, mjini Lilongwe, lenye kioo mbele. Serikali ilipotuambia wakimbizi wote turudi kambini, nilifunga lile duka, nikapakia mali yangu, nikafungua tena hapa sokoni Dzaleka wakati wenye diploma zao walikuwa bado wanaandika barua za malalamiko. Shule niliiachia mwaka wa tatu. Kusoma nasoma, polepole. Lakini nipe kitenge nikiwa nimefumba macho, nitakuambia kama ni cha kweli au cha kuiga.

Kwa hiyo waliponifuata kwa mambo ya teatre, niliona ni kawaida. Watu hufuata penye kitu.

Aliyekuja ni kijana wa kwetu Bukavu, Kongo, mwenye miwani na shule nyingi, anayeongoza kikundi cha maigizo cha vijana wa kambi. Alikuwa ameandika mchezo juu ya nyumba inayovunjika. Baba alikuwa mtu mkubwa huko alikotoka. Kambini hana kazi, anakunywa, anauza unga wa familia, anapiga mke. Mtoto wa kwanza anatoroka. Mchungaji anakuja kuomba, jirani anakuja kuchungulia, mwishowe polisi anakuja. Mchezo ulikuwa umependwa Dzaleka nzima, na sasa wenye ukumbi mmoja kule Lilongwe, karibu na Old Town, walikuwa tayari kuwapa siku moja bure. Ila walikuwa na sharti. Walikuwa wamesikia kwamba Warundi wananung'unika kuwa wanatukanwa. Wakasema: watafuteni watu wa kambi waukague mchezo, waone kama kila taifa limo, na limo kwa heshima, ndipo tuwafungulie mlango.

"Papa, wewe unajulikana na bote," kijana akaniambia. "Na tena nguo za mchezo zilitoka kwako."

Yote mawili ni kweli. Nikakubali.

Mkaguzi wa pili alikuwa mama mmoja Mrundi, muuza maharage, kiongozi wa kina mama kanisani kwao. Tulikuwa tunajuana kwa kugombania nafasi sokoni. Tukakalishwa kwenye viti vya plastiki ndani ya kanisa la mabati, mchana, jua likiwaka juu yetu, na mchezo ukaanza.

Mlevi aliigizwa na kijana Mrundi. Nitasema ukweli: aliigiza vizuri sana. Alikuwa anaanguka kama gunia lililokatwa kamba. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yule mama hakucheka.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona kijana anajua kazi."

"Mulevi njo sisi. Mwizi wa unga njo sisi. Mutu wa Mungu njo ninyi ba Bukavu. Ni nani alibagawia hivyo?"

"Mama, batu banacheka ju ya namna anaanguka. Habacheki taifa."

"Basi mufundishe mutoto wa kwenu kuanguka."

Dukani nimejifunza kwamba mteja anaweza kusema kitenge ni kibaya huku mkono wake hautoki juu yake, kwa hiyo mimi sisikilizi mdomo, naangalia mkono. Siku iliyofuata nikaomba watu waruhusiwe kuingia, na badala ya kuangalia mchezo nikageuza kiti nikaangalia watazamaji. Mlevi alipofungua kinywa na ile lafudhi yake, benchi la watu wa kwetu lilicheka likiegemea nyuma, kama watu walioshiba. Benchi la Warundi lilicheka pia, lakini kila mmoja alimtazama kwanza mwenzake. Nikaelewa. Mama alikuwa na haki, ingawa sikumwambia, kwa sababu angeniletea habari hiyo sokoni mwaka mzima.

Tukaanza kugeuza. Kijana wa miwani alipendekeza baba wa mchezo aongee Kiswahili kisicho na kwao, cha redioni. Mama akakataa.

"Mutu hana kwabo, huyo si mutu. Ni redio."

"Basi awe mutu wa Bukavu," kijana akasema, akinitazama kwa woga.

Nami nilijisikia shati linanibana. Nikasema wanaume wa kwetu hawalewi namna ile.

"Ego," mama akaitikia kwa Kirundi. "Ba kwenu banalewa na kravati."

Kanisa zima likacheka, na mimi nikacheka, maana ningefanyaje? Ikawa hivyo. Baba akawa mtu wa kwetu, na kravati yake niliitoa mimi mwenyewe dukani. Yule kijana Mrundi akapewa uchungaji na Biblia kubwa, mama akafurahi, ingawa kijana hakuweza kuacha kuanguka na mara mbili mchungaji alianguka katikati ya sala. Jirani mchunguliaji akawa Mnyarwanda, na tukamwongezea tendo jema la kukopesha chumvi ili wa kwao wasituvamie. Polisi akawa Mmalawi wa kweli, kijana wa kijiji cha karibu huku wilayani Dowa, anayebeba watu kwa baiskeli yake ya kabaza na aliyejifunza Kiswahili kwa abiria wake.

Nilipanga ule mchezo kama ninavyopanga vitenge mbele ya duka: kila rangi ionekane, ili kila anayepita aone chake. Nilitazama kazi yangu nikaona imekamilika. Nikatamka hivyo, kwa sauti. Nikasema hata wale wa Lilongwe hawatapata pa kutia kidole.

Kitu kimoja hakikuulizwa na mtu yeyote, wala mimi, wala mama, wala yule wa miwani. Hakuna aliyeuliza mke wa yule baba ni wa taifa gani. Alikuwa hasemi karibu kitu. Analia, anafagia, anapigwa, anafagia. Mtu asiyesema hana lafudhi, na asiye na lafudhi hana wa kulalamika kwa niaba yake.

Aliyeigiza mke nilikuwa namfahamu. Ni mshonaji, binti wa upande wetu wa Bukavu, aliyefika Dzaleka na shangazi yake. Shangazi akafa, akabaki peke yake. Alipoposwa, hakuwa na baba wa kukaa upande wake. Kwetu kambini jambo hilo lina dawa: anatafutwa mtu mzima wa kwao, anavalishwa koti, anakaa kwenye kiti cha baba, anapokea mali ya ndoa, anamkabidhi binti. Mtu huyo nilikuwa mimi. Koti la bluu. Picha ya siku ile iko ukutani dukani kwangu mpaka leo, na wateja huniuliza kama nilikuwa mheshimiwa.

Basi. Siku ya mazoezi ya mwisho, tukafika mahali polisi anaingia. Kwenye karatasi alitakiwa amkamate baba, mchezo uishe. Yule Mmalawi akaingia, akamwangalia baba, akampita. Akaenda kwa mke aliyekuwa chini na ufagio wake.

"Mayi," akamwambia, "ankhoswe anu ndi ndani?"

Kijana wa miwani akapiga makofi kusimamisha. "Hapana, hapana. Hiyo haiko mu mchezo. Unakamata, tunamaliza."

"Siwezi kukamata kwanza," Mmalawi akasema kwa utulivu. "Huku kwetu mwanamke akipata shida nyumbani, unamuuliza nkhoswe wake ni nani. Yule aliyesimama upande wake siku ya ndoa. Anaitwa, anakaa, anaongea. Nikikamata bila kuuliza, watu wa Lilongwe watacheka. Watasema huyu si polisi wa Malawi."

Mama akageuka kwangu. "Ulisema imekamilika."

Kijana wa miwani, kwa kuchoka, akamwambia binti: "Sawa. Akuulize, umujibu chochote, tuendelee."

Mmalawi akarudia swali lake. Binti akainua kichwa. Mpaka siku hiyo sikuwahi kusikia sauti yake ikijaza lile kanisa.

"Nkhoswe yangu iko pale ku kiti," akasema. "Ule papa wa koti ya bluu."

Sikuwa na koti siku hiyo. Nilikuwa na shati la mikono mifupi. Watu walicheka sana, wakidhani amepata kichekesho. Nilicheka nao. Lakini mkono wake ulikuwa bado umenyooka, na kama nilivyosema, mimi naangalia mkono. Mimi nisiyeshangazwa nilikaa pale mdomo wazi kama mteja aliyetajiwa bei.

Walipotawanyika nilimwita, mume wake akiwa bado nje na wenzake. Mama wa maharage akabaki karibu, akijifanya anafunga kitenge chake upya.

"Mwanangu, kuna nini? Anakupiga?"

"Hanipigi, papa. Njo maana hakuna mutu anaona."

Akaniambia. Mume wake alikuwa amechukua mashini yake ya kushona, akaipeleka kwa kaka yake na kuifungia huko, kwa sababu hakupenda awapime wanaume suruali. Kazi yake ilikuwa imekufa. Kwenda kisimani, na mume. Kwenda kanisani, na mume. Teatre aliruhusiwa kwa kuwa mume naye alikuja na kukaa nyuma. Alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba anataka kuondoka. Mume alimjibu kitu kimoja tu: warudishe mali yangu, uende. Na warudishaji ni akina nani, kama baba mwenyewe ni wa kuazima?

"Sasa kwa nini hukuja kwangu?"

"Nilikuja ku duka, papa, saa bwana ananyoa bateja. Si mara moja." Alikuwa anaangalia chini, na heshima yote. "Kila mara unanielezea vile ulianza. Chumvi, sabuni, robota. Mi nasikiliza mpaka bateja bengine banafika, narudia nyumbani."

"Ni hadithi ya kutia watu moyo."

"Ni nzuri, papa. Lakini ile robota ya kwanza, ulinunua na mali yangu. Na mu hadithi mi simo."

Mama wa maharage alikuwa ameshafunga kitenge chake, hakuwa na kitu kingine cha kufunga. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Nataka nieleweke hapa. Sikuiba. Mali ya ndoa huliwa na baba, na siku ile baba nilikuwa mimi. Kila mtu aliona, kila mtu alipiga makofi. Wengine wangeila kwa pombe na nyama, mimi niliitia kwenye vitenge, na vikazaa. Jasho lilikuwa langu. Lakini ni kweli kwamba kijiko cha chumvi hakinunui robota. Nimeisimulia hadithi yangu mara nyingi mno kiasi kwamba pale kwenye sabuni nilikuwa naruka, kama mtu anayeruka mfereji anaoujua, bila kutazama chini.

Nilimfuata mume wake. Ni mtu mpole, kinyozi, anaongea kama anakuombea. Nikamwambia nimekuja kama baba. Akanipa kiti, akanipa soda.

"Papa, mi sina ugomvi," akasema. "Mali ilikuwa mbuzi ine. Tulihesabia mu kwacha ya wakati ule. Kwacha ya leo si ile. Unirudishie mbuzi ine za leo, na mashini nitaitoa kwa kaka yangu."

Mbuzi wanne wa leo! Nikamwambia nitafikiri. Nilikunywa soda yake nikaondoka, na nilikuwa nafikiri kweli, lakini nilikuwa nafikiria namna ya kumpa wawili.

Wakati huo kijana wa miwani alikuwa ameshalibadilisha igizo. Lile swali la Mmalawi hangeweza kulitoa tena, kila aliyekuwepo alikuwa ameshalisimulia. Mimi na mama tukawapelekea wenye ukumbi maneno yetu: kila taifa limo, ila mke hakuwa na upande, sasa atawekewa. Hapakuwa na mtu wa kuigiza huo upande. Kijana alisema hana tena nafasi ya mzee, wala maneno ya kumwandikia.

"Hakuna haja ya maneno," mama akasema. "Weka kiti. Huyu muzee akae. Tumuone siku moja amenyamaza."

Ndivyo nilivyoingia kwenye teatre, nikiwa na umri huu. Tulipanda lori kwenda Lilongwe, wote, waigizaji na mashabiki na yule kinyozi, na kibali chetu cha kutoka kambini kwenye mfuko wa kijana wa miwani. Old Town nilishuka kidogo kuwasalimia wauzaji wangu wa jumla, wakaniuliza koti ni la harusi ya nani. Ukumbini wakaniketisha kushoto mwa jukwaa, kwenye kiti cha mbao, koti la bluu, mikono magotini. Kazi yangu ilikuwa kukaa. Tangu mwanzo hadi mwisho, baba alewe, mtoto atoroke, mchungaji aanguke, mimi nikae.

Ni kazi ngumu, sitadanganya. Mtu akiwa kwenye kiti kile anaona mambo mengine. Mlevi wa kravati alipofungua kinywa, lafudhi ya kwetu ikatoka, watu wa kwetu wakacheka wakitazamana kwanza. Nikawaona. Nikaona jinsi mwanamke anavyopigwa na watu wanacheka kwa sababu mpigaji anachekesha. Nikaona kila wakati binti alipoinuka na ufagio alinipita karibu sana, kiasi ningeweza kumshika mkono, na kwenye mchezo hakuna aliyeandika nimshike. Nilikuwa nimekagua kama mataifa yote yamo. Nilihesabu Bukavu, Burundi, Rwanda, Malawi, sikuona kwamba nyumba moja ina pande mbili na upande mmoja hauna mtu.

Polisi akaingia. Watu wa Lilongwe walipolisikia swali lake kwa Kichewa, ukumbi ulitikisika kwa makofi, walijitambua. Binti akanyoosha mkono kwangu. Kwenye mpango nilitakiwa nisimame tu, taa zizimwe.

Nikasimama. Taa hazikuzimwa, mwenye taa alikuwa ameduwaa na mchezo. Ukumbi ukanyamaza, wote wananingoja mimi, na mimi kunyamaza mbele ya watu wanaoningoja sijafundishwa.

"Ni mimi," nikasema. "Mali yake niliila mimi. Mbuzi wanne. Nitarudisha wote wanne, na mashini yake itoke leo."

Hapo ndipo taa zilipozimika. Walipiga makofi mpaka nikaogopa.

Kesho yake asubuhi, kabla sijafungua duka vizuri, kinyozi alikuwa mlangoni na mashahidi wawili, wote walikuwa ukumbini. Kijana wa miwani alikimbia kunitetea. Akasema maneno ya jukwaani ni ya mchezo, hayamfungi mtu, hata Ulaya ni hivyo.

"Alisema mbele ya batu," kinyozi akamjibu kwa upole wake ule ule. "Alivaa koti ile ile. Alikaa upande wa bibi yangu. Alitaja na hesabu ya mbuzi. Mchezo gani unajua hesabu ya mbuzi yangu?"

Mama wa maharage alikuwa kwenye meza yake ng'ambo ya njia. Nilimtazama anisaidie. Akapima kopo la maharage la mteja, akalisawazisha kwa kiganja, ndipo akasema, "Muzee, kaa chini uhesabu."

Watu bado wananiuliza kama nilisema vile kwa kuigiza au kwa kweli. Nawajibu kwamba kuigiza sikujifunza, nilipewa kiti tu. Kinyozi ni mtu wa neno lake: alipopokea pesa aliwaambia mashahidi waandike kwamba ndoa imekwisha, na akatuonyesha nyumba ya kaka yake tukachukue mashini. Binti anashona sasa kwenye kibaraza cha duka langu. Suruali za wanaume hasa. Wateja wakiuliza nilivyoanza, huwa nafika kwenye sabuni, halafu nasikia mashini yake inasimama, anasubiri. Basi namtaja, halafu mashini inaendelea.

Mbuzi wanne kwa bei ya soko la siku hiyo, pamoja na nauli ya yule yule polisi wetu wa kabaza aliyeibeba mashini kwenye baiskeli yake na kukataa kunipunguzia: kwacha elfu mia tatu arobaini na mbili, na mia tano.